Kiu ya Pacha

Chupa ya kisima namba tisa ilikuwa tupu, na kizibo chake bado kilikuwa kimezungushiwa utepe, vilevile mtafiti alivyokifunga jana mchana kwa mkono wake mwenyewe.

Aliiinua kwenye mwanga wa mlango. Ndani ilikuwa kavu. Nje, shingoni, palikuwa na alama ya midomo midogo.

"Mama Pacha, kuna mtu amegusa sanduku langu?"

Mwenyeji wake alichungulia kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi. "Nani aguse, mwalimu? Sisi tunachota maji tunywe, wewe unayachota uyafunge utepe kama mahari. Hata mbuzi wanakuogopa!"

Wakacheka. Mtafiti akajiambia ni uchovu. Wiki ya tatu hiyo alikuwa akizunguka visima vya kijiji, akiteremsha kamba ya kupimia kina, akijaza chupa, akiandika namba huku jua likimchoma utosi. Chupa zote zilingojea gari la maabara siku ya Ijumaa. Chumba alichokaa ndicho alicholala Mama Pacha siku zote. Mama huyo alikuwa amemhamishia mgeni kitanda chake, yeye na binti yake wakatandika mkeka sebuleni, wala hakulitaja. Kisima kilikuwa mwendo wa nusu saa, lakini kila asubuhi mgeni aliikuta ndoo nzima ya kuogea mlangoni. Siku moja alimwona mwenyeji wake akijipangusa kwa kitambaa kibichi, akajua ndoo ile ilikuwa ya nani.

Waliendelea kumwita Mama Pacha ingawa pacha alibaki mmoja, msichana wa miaka minne. Mwenzake alifariki kiangazi kilichopita, kwa kuharisha. Ni hayo tu mtafiti aliyoambiwa.

Kesho yake zilikauka chupa mbili. Keshokutwa, nne. Chumba kikaanza kunuka kinywa cha mtoto mwenye homa, ule uchachu wa mate yaliyokauka ambao kila mama anaujua.

Siku hiyo mchana, mtafiti akiwa amejinyoosha kitandani akingoja jua lipungue, alisikia kitu chini yake, mahali lilipokaa sanduku: gu, gu, gu, kama mtoto anayekunywa kwa pupa bila kupumua, kisha kimya, kisha kucha ndogo zikikwaruza utepe wa chupa nyingine, na alipojikaza akainama na kutazama, aliona chupa imesimama peke yake, haikushikwa na mtu, na maji ndani yake yakishuka, yakishuka, mpaka yakaisha.

Alitoka mbio bila viatu. Sebuleni Mama Pacha alikuwa amempakata binti yake, shingo ya mtoto imelegea, macho yameingia ndani.

"Anaharisha tangu alfajiri, mwalimu."

Hofu ya chumbani ikaipisha hofu kubwa zaidi. "Mpe maji, mama. Tutie chumvi na sukari, anywe sana."

"Maji?" Mama Pacha alimkazia macho. "Anatoka maji hivi, nimwongezee maji?"

"Ndiyo. Yanayotoka lazima yarudi. Mtoto wa hivi huuawa na kukosa maji."

Uso wa Mama Pacha ulibadilika kama wa mtu aliyeletewa habari za msiba. Mtafiti hakuelewa, akakimbilia jikoni.

Alichanganya, akaleta kikombe, akakisogeza kwenye midomo ya mtoto, na kabla hakijamgusa, gu, gu, gu, maji yakatoweka mbele ya macho yao, kikombe kikabaki kikavu na pumzi ya moto ikampiga mtafiti mkononi. Akaleta cha pili, kikawa vivyo hivyo, akaleta cha tatu akikifunika kwa kiganja, akasikia ulimi mdogo, mkavu kama karatasi, ukimlamba katikati ya vidole.

"Umesikia?" Mama Pacha alinong'ona.

"Nimesikia."

"Kamwite bibi mganga. Nyumba yenye mlango wa bati. Kimbia, mwanangu."

Bibi mganga alikuja na chetezo kinachofuka ubani. Kizingitini alisimama, akanusa, akakiweka chetezo nje.

"Jini la kisimani lingenuka tope," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hafukuzwi kwa moshi. Ni wetu."

"Bibi," Mama Pacha alisema, "mwalimu anasema maji ndiyo dawa."

"Mimi ndiye niliyekwambia umnyime maji yule pacha mwenzake," bibi akasema. "Nilisema tumbo litakauka, atapona. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Alinililia siku mbili, bibi. Alitambaa akaulamba mtungi kwa nje."

Bibi alijifunika uso kwa khanga. "Mpe, mwanangu. Mpe kwa mkono wako."

Mama Pacha alimlaza mgonjwa mkekani, akapiga magoti, akakishusha kikombe mpaka kimo cha mtoto. "Njoo, mama," alimwita bintiye aliyefariki. "Njoo unywe. Nilikunyima nikidhani nakuponya. Nisamehe."

Maji yakashuka. Akajaza tena, tena na tena. Mtungi ukaisha, ndoo ya kuogea ikaisha. Ndipo mtafiti alipolivuta sanduku lake, akakata tepe zote, akamimina chupa moja baada ya nyingine, kazi ya wiki tatu, bila kuulizwa.

Kikombe cha mwisho kilibaki nusu. Wakasikia mtoto asiyeonekana akiteuka kwa shibe. Kitu chenye unyevu kilimgusa Mama Pacha shavuni, kisha harufu ile ikaondoka chumbani.

Bibi mganga akaenda kisimani mwenyewe, na uzee wake. Walichemsha, wakachanganya, wakamnywesha mgonjwa kijiko kwa kijiko. Jua lilipoanza kuteremka, mtoto alimkojolea bibi mapajani, na bibi akalia na kucheka pamoja.

Lakini Mama Pacha alikuwa amerudi pale pale chini, amenyoosha kikombe kilichojaa, kwa kimo kile kile.

"Ameshiba, mwanangu," bibi alimwambia. "Amekwenda."

"Najua." Hakukishusha. "Ningempa kidogo kidogo, mwalimu. Angekuwepo mpaka kesho."

Mtafiti alichuchumaa kando yake, akaweka kiganja chini ya mkono ule, wakakishika pamoja. Maji yalitulia, hayakupungua hata tone.