Mkate wa Ketill

Nilitumwa mkate, basi. Si dukani. Huku kwetu Aislandi, katika mji huu unaofuka mvuke hadi kwenye nyufa za barabara, mkate mweusi tunauoka ardhini. Unafunga sufuria barabara, unaifukia kwenye mchanga wa moto karibu na chemchemi, unaweka juu jiwe la nyumba yenu. Kesho yake unafukua. Jiwe la mwenzako huligusi.

Enzi hizo nilikuwa mpangaji kwa Mama Petrína na mumewe, Mzee Bessi. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nikaja kuchuma nyanya kwenye mabanda ya kioo, pamoja na binti yangu mdogo, Sunneva. Wazee wale walitupokea kama watoto wao. Mzee Bessi alikuwa mtu wa mizaha. Akinikuta nimenuna huniambia hata nyanya zinanionea huruma. Sikuwa nacheka. Kila nikizima taa nililia, na mto wangu haukuwahi kukauka.

Majira ya baridi jua letu huzama hata watoto hawajatoka shule. Siku hiyo Mama Petrína alikuwa amelala akiugua kifua, akaniomba nikafukue mkate badala yake. Jiwe letu limepakwa rangi nyekundu, akasema, chimba hapo hapo.

Hakukuwa na upepo. Harufu ya mayai viza inayotoka chemchemini nilishaizoea, ila jioni ile ilikuwa na kitu kingine ndani yake... nywele zilizoungua. Nyuma yangu matope yalikuwa yakitokota. Nikaliona jiwe jekundu, nikachimba, nikaitoa sufuria.

Matope yakanyamaza.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye theluji, sambamba na nyayo zangu, palikuwa na nyayo nyingine. Za miguu mitupu. Kila ulipokanyaga mguu, theluji ilikuwa imeyeyuka.

Nilirudi mbio nyumbani, nikaiweka sufuria mezani. Mama Petrína hakuwa na hamu ya kula, na Mzee Bessi alikuwa amekatazwa mkate na daktari. Tukala mimi na Sunneva, kwa siagi na samaki wa moshi. Mkate ulikuwa mtamu kupita kiasi.

Nilipozima taa sikulia. Nilimkumbuka mume wangu kama mtu anavyokumbuka koti alilolisahau mahali. Nikasema, alhamdulillahi au chochote wanachosema watu wakipumzika, nimepona.

Kesho yake jioni nilimkuta Sunneva bafuni. Alikuwa amefungua bomba la maji ya moto mwenyewe, yale yanayotoka moja kwa moja ardhini, na amesimama ndani. Mvuke umejaa hadi dari. Miguu yake ilikuwa myekundu kama nyanya, ngozi imeanza kuvimba.

Hakuwa analia.

"Mama," aliniambia taratibu, "kaka wa matope anasema maji ni baridi."

Nikamnyakua. Mikono yangu ilizama kwenye yale maji hadi viwiko, na mimi pia sikuhisi kitu.

Mama Petrína alikuja akijishikilia ukutani. Hakuuliza mtoto kafanya nini. Aliuliza nilichimba wapi. Nikamwambia, kwenye jiwe jekundu. Hapo Mzee Bessi akakohoa, akasema trekta la theluji lilikuwa limeyasukuma mawe, naye akayarudisha kwa kukisia tu.

"Jiwe ni jiwe, mke wangu," alisema.

"Ule ulikuwa mkate wa Ketill."

Mzee Bessi akakaa chini. Mizaha yote ilimtoka usoni. Ketill alikuwa mtoto wao wa pekee. Ardhi ilimfungukia akitoka kazini, ikammeza kwenye matope ya moto, na hawakupata hata kiatu chake. Tangu hapo, kwa siri, mama yake alimfukia mkate wake kila siku. Na kila siku, alisema sasa, sufuria ilitoka tupu.

"Mbweha," Mzee Bessi alinong'ona.

"Mbweha hafungi kifuniko, Bessi."

Mama Petrína akatueleza huku akitazama sakafu. Mwanawe alikufa akiungua, na yeye alipoukanda ule unga alikuwa akiutilia maneno, mtoto asisikie maumivu tena. Maneno hayo aliachiwa na bibi yake. Sisi tulikuwa tumeyala. Alijua namna ya kuyaondoa, lakini hayaondoki hivi hivi, lazima yabaki kwa mtu.

Mtoto asiyehisi moto, katika mji huu, hafikishi mwaka. Sikuhitaji kufikiri.

"Ya mtoto niongezee mimi," nilimwambia.

"Hutalia tena, mwanangu. Hata kwa furaha. Umenielewa?"

"Niongezee."

Akakanda unga mwingine, akanong'ona ndani yake jina la Sunneva, kisha langu. Niliufukia kwa mikono mitupu. Mchanga uliokuwa unachemka niliuona laini kama unga. Kesho yake Sunneva akala kipande. Akaitazama miguu yake iliyofungwa bandeji... halafu akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Mzee Bessi alilia naye. Mimi nilisimama nikijua kwamba nimefurahi, basi, kama unavyojua leo ni siku gani.

Wazee wale wameshazikwa wote wawili. Niliwazika kwa macho makavu, na watu walinisema. Siku hizi mimi ndiye ninayefukia mikate miwili, na majirani hunitania kwamba mikono yangu ni ya chuma. Sufuria ya Ketill bado inatoka tupu.

Juzi Sunneva alikuja na mjukuu wangu mchanga, amelia tangu asubuhi.

"Mama, hebu mguse paji la uso. Ana homa?"

Nikaweka mkono. Nikamwambia hana, ni mzima. Sikujua. Tangu siku ile sijui joto la mtu yeyote.

Mtoto akanyamaza ghafla. Akatazama nyuma ya bega langu, akacheka. Sunneva akashusha pumzi, akasema kweli bibi ana mkono wa baraka.

Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi nyuma ya kiti changu, palikuwa na nyayo za matope, zinafuka mvuke.

Nilijaribu kuogopa. Sikuweza.