Aliyekaa Ndani ya Flapu

Mkaguzi aligonga flapu kwa kinyundo chake kidogo, nayo ikamgongea.

Akaganda. Flapu ni kile kibawa cha nyuma ya bawa ambacho rubani hukiteremsha anapotua, na kazi ya mkaguzi ilikuwa kukisikiliza: palipo pazima hulia kwa sauti nzito, palipoliwa kwa ndani hulia kama debe tupu. Hii ililia nzito kote. Tatizo ni kwamba kila alipogonga, kuna aliyejibu kutoka ndani. Tena palinuka udi, mchana kweupe, katikati ya harufu ya mafuta ya ndege.

"Umesikia?" alimnong'oneza Shehe Rangi, mzee wa karakana aliyepaka ndege rangi na kupunga watu pepo kwa mikono ileile.

"Nimesikia. Usiigonge tena, mwanangu."

Mume wa mkaguzi, rubani wa ndege hiyo, alichungulia mlangoni. "Mama watoto, abiria wanaiva juani. Nzima au mbovu?"

"Nzima. Lakini ina mtu."

"Basi akakate tiketi," alicheka, akaondoka.

Shehe Rangi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya flapu akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kugonga kule kulivyozidi, kukaenda mbio huku na huku ndani ya bati, mpaka bawa zima likatetemeka, mpaka udi ukawakaba koo, mpaka sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema, "Nitatoka, lakini msije mkanilaumu," kisha kitu kizito kikapita katikati yao kikaenda zake.

Mkaguzi alishusha pumzi, akatia sahihi. Hakugonga tena. Si alikwisha kugonga, na ilikuwa nzima?

Jioni alikuwa akifagia pale ndege ilipokuwa imesimama kabla ya kuruka, alipokuta rundo la unga mweupe. Kutu ya ndege haiwi nyekundu, huwa nyeupe hivyohivyo. Flapu ilikuwa imeoza siku nyingi, na ile sauti nzito aliyoisikia kwa kinyundo haikuwa ya bati.

"Nilikuwa nimeishika mimi," ilisema sauti nyuma ya sikio lake.

"Rudi! Nakuomba, dada yangu, rudi! Baba wa wanangu yumo mle!"

"Kwa kisomo kile? Siwezi hata kuikaribia."

Nje, injini zilikuwa zikikaribia. Aliirukia redio, akapiga kelele, "Usiteremshe flapu!"

"Nimeshateremsha, mama watoto," mumewe alijibu kwa sauti ya mtu anayetabasamu. "Kwani vipi?"