Chumba cha Swichi cha Bi Hamisa

Mtandao wa ofisi ile ya Madale haukuwa umekufa. Ungekufa, Deogratias angeshukuru, maana mtandao uliokufa hujulikana ulipofia. Huu ulikuwa unazimia na kuzinduka. Asubuhi oda za dawa zinapita vizuri. Ikifika alasiri kompyuta zote zinaganda kwa pamoja, watu wanalalamika, na kabla fundi hajakunja mikono ya shati kila kitu kinarudi sawa.

Fundi mwenyewe ndiye huyo Deogratias. Alishabadili kebo, alishabadili hata swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, na wapi. Siku hiyo akabeba laptop, akajifungia kwenye kachumba cha nyuma ilikofungwa swichi, akaanza kupiga ping. Ndivyo mafundi wanavyofanya: kompyuta yako inaita, nyingine inaitika, nawe unatazama imechelewa kiasi gani.

Zilikuwa zinaitika upesi. Kisha akasikia harufu ya ubani.

"Mwajabu! Nani anachoma ubani humu?"

Mwajabu, dada wa mapokezi, alikuja akaishia mlangoni. Kizingiti hakukivuka.

"Hakuna anayechoma, kaka Deo. Ndiyo ishu yenyewe hiyo."

"Ishu gani?"

Alishusha sauti. "Hii si nyumba ya Bi Hamisa? Alipotupangisha alisema chumba hiki kifukizwe kila Ijumaa, wenyewe wamezoea. Bosi akakataa, eti moshi utaharibu mashine. Sasa wenyewe wana njaa. Wanashika kila kinachopita."

Deogratias alicheka. Alikuwa mtu wa Bukoba, mtoto wa katekista, na majini aliyaweka kwenye kapu la maneno ya watu wa Pwani.

"Haya, cheka. Ila ukiitwa humo na usiyemwona, usiitike, hata kama sauti unaijua. Sie tunafundishwaga toka wadogo. Binadamu akikuita usipoitika, atarudia. Wao wanaitaga mara moja tu."

Akaondoka haraka, kanga begani, bila kugeuka.

Jua lilipopinda, majibu ya ping yakaanza kuvuta miguu. Yakachelewa, yakachelewa zaidi, kisha likaja jibu la wito ambao Deogratias alikuwa hajautuma. Alikodoa macho. Taa ndogo za swichi, ambazo siku zote huwaka na kuzima ovyo, kila moja kivyake, sasa zilikuwa zikiwaka pamoja na kuzima pamoja, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya ubani ikawa nzito mpaka ikamkaa kooni, na nyuma ya shingo yake, upande ule wa ukuta ambako hakuna mlango wala dirisha, akahisi pumzi ya mtu aliyekuwa anakaribia kusema.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya Gladness, binti yake wa miaka minne, aliyemwacha nyumbani Kibamba.

"Naam, mama!"

Mzazi gani angefikiri kwanza? Neno lilimtoka lenyewe. Papo hapo taa zikarudia uovyo wao, harufu ikakatika, na ping zikaanza kuja upesi kuliko alivyowahi kuziona. Huko ofisini watu walishangilia kuwa mtandao umerudi.

Mwajabu hakushangilia. Alikuwa mlangoni tena, uso umempauka.

"Umeitika," alisema. "Alitumia sauti ya nani?"

Deogratias alitoa simu. Akampigia mkewe, Kokushubila.

"Gladness yuko wapi?"

"Si huyu hapa anacheza. Ila sijui ana nini, baba Gladness, imemwanza sasa hivi tu. Namwita, ananitazama. Anakaa, anakaa, ndiyo ananiitikia."

Deogratias aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mwajabu naye alishampata Bi Hamisa kwenye simu yake, akamweleza yote, akaiweka sauti ya juu.

"Chumba changu sasa kitupu," bibi alisema polepole. "Aliyekuwamo ameshapata pa kukaa. Mkimbilie mwanao, umwite mara tatu kabla jua halijazama. Akiitika kwa kinywa chake, bado ni wako. Asipoitika, mwanangu, mie sina dawa."

Deogratias alipanda bodaboda, na njia nzima alisali sala zote za baba yake, akizichanganya.

Alipofika jua lilikuwa halijazama, na Gladness alikuwa kibarazani juu ya mkeka. Mama yake alisimama pembeni, mikono kichwani.

"Gladness."

Mtoto alimtazama, kimya.

"Gladness, mwanangu."

Midomo ilimtetemeka, haikufunguka.

Mara ya tatu Deogratias alimwita kwa kilio, akapiga magoti, akasubiri, na Kokushubila akasubiri, na dereva wa bodaboda aliyekuwa akingoja nauli akaizima pikipiki, na mtoto akazidi kubana midomo huku machozi yakimtiririka, macho yake yakitazama nyuma ya bega la baba yake.

"Abee, baba!" sauti ya Gladness iliitika, changamfu, kutoka kule getini.