Mitumbwi Thelathini ya Jumanne

Risasi ya pili ilipasua kioo cha chumba cha usukani.

Amerley Quarshie, jasusi wa Accra, alijitupa sakafuni, akafyatua Beretta yake mara moja. Kapteni Drossos akaanguka, kashika goti, bado anacheka.

"Umechelewa, dada. Injini nimeiua. Nanga nimezikata. Saa moja tu, tuko mwambani, na wenye meli wanalipwa bima."

"Kwa nini ufuo wa Teshie?"

"Leo Jumanne. Jumanne hamvui, ni mwiko wenu. Nani angeniona?"

Kweli, bahari ilikuwa tupu. Upepo ulikuwa ukisukuma tani elfu mbili za mafuta mazito kuelekea ufuo ambako mama yake Amerley alibanika samaki miaka arobaini.

Alimfunga Drossos pingu, akashika redio.

"Bandari, nataka meli ya kuvuta!"

"Itafika baada ya saa tatu. Jaribu jeshi la maji."

Jeshi la maji: "Uchafuzi? Hilo la watu wa mazingira."

Watu wa mazingira: "Tuandikie barua."

Amerley alilia kidogo, kwa hasira. Kisha akampigia simu Nii Abossey, mkuu wa wavuvi.

"Nii, leteni mitumbwi. Yote!"

"Umerogwa? Leo bahari imepumzika. Nikiivunja Jumanne, wazee watanitoa kwenye kiti."

"Mafuta yakimwagika, Nii, hata Jumatano hamtavua. Wala mwakani."

"Nyavu zibaki nchi kavu," mzee alisema hatimaye. "Tunakuja na kamba. Lawama yangu."

Ikaja mitumbwi thelathini, kila mmoja na injini yake ya Yamaha. Waliifunga meli kamba, wakaivuta kuelekea baharini. Kamba zilikatika. Wakafunga nyingine. Kipimo cha kina kilisoma mita tisa. Nane. Tumbo la meli likakwaruza mchanga, Amerley akafumba macho.

Pua ya meli ikageuka. Polepole mno, lakini ikageuka.

Waliishikilia hivyo saa mbili, mikono ikivuja damu, hadi meli ya kuvuta ilipofika.

Ufuoni, wakubwa wa bandari, wa jeshi la maji na wa mazingira walikuwa tayari mbele ya kamera, kila mmoja akieleza alivyowajibika. Amerley alimkabidhi Drossos kwa polisi, akawapita bila salamu.

Nii Abossey alikaa peke yake. Wazee wenzake walikuwa wamempa kisogo.

"Bahari inadai nini, Nii?"

"Kondoo mweupe. Chupa sita za pombe kali. Na aliyeivunja siku aje mwenyewe kuomba radhi."

"Basi tuko wawili," alisema Amerley.

Akairudisha Beretta kiunoni, akaenda kutafuta kondoo.