Sanduku la Tamale la Maricela

Jumamosi ya kwanza ya Machi, Maricela Barragán alikuwa akishuka ngazi za kituo cha treni cha Fruitvale, mjini Oakland, amekumbatia sanduku la rangi ya machungwa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Alivaa koti la rangi ya haradali na viatu vyeupe ambavyo mvua ya asubuhi haikuvionea huruma. Chini ya ngazi watu walisongamana mbele ya meza ya tamale, yaani donge la unga wa mahindi lenye nyama, lililofungwa kwenye ganda la mahindi na kupikwa kwa mvuke. Mvuke ulipanda kutoka kwenye sufuria kubwa iliyoviringishwa blanketi, na harufu ya mahindi na pilipili ikamfuata kila mpita njia.

Kiatu kikateleza. Mkono ukamdaka kiwiko kabla hajafika chini. Sanduku ndilo lililoanguka.

"Bora limeanguka sanduku, dada," alisema mwenye mkono. "Wewe huna kipuri."

Aliitwa Nicanor. Alikuwa mrefu, aproni imefungwa juu ya jezi ya kijani, na alimsaidia mama yake, Bi Eulalia, kuuza tamale hapo kila siku isipokuwa Jumatatu. Bi Eulalia hakumuuliza mgeni jina. Alimfuta tope kwenye mkono wa koti, akamtia tamale ya moto kiganjani, kisha akarudi kwa wateja wake.

Maricela alikuwa ameacha kazi nzuri ya uhandisi kwa ajili ya lile sanduku. Alilibuni liwasaidie wauza chakula wa barabarani: liwe jepesi, lihifadhi joto, libebeke mgongoni. Mwaka mzima alikuwa amewaonyesha watu michoro akiwauliza kama wanaipenda, na wote walisema wanaipenda. Sasa alitaka mchuuzi wa kweli alitumie kwa majaribio. Nicanor alikubali upesi mno. Hata hakuuliza linafunguliwaje.

Ndipo Jumamosi zikawa zao. Maricela alikuja na daftari, akauliza sanduku linaendeleaje, akajibiwa ni zuri sana, akaandika. Kisha daftari lilifungwa, nao wakazunguka ziwa lililo katikati ya mji wakila maembe yenye pilipili na ndimu. Nicanor alimtania kwamba anatembea kama mtu anayepima barabara. Maricela naye alimjibu kwamba jezi yake ile inastahili pensheni. Kufika Juni, Nicanor alikuwa akimpigia Maricela simu kila mchana, saa ileile ambayo wateja hupungua.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nina kazi."

"Basi kata simu, ule. Nitapiga tena nikusikie ukitafuna."

Kwa nguvu ya lile neno "zuri sana", Maricela alipatana na fundi wa kuchonga kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, ili masanduku yatengenezwe kwa wingi. Jumatatu iliyofuata angetoa idhini pamoja na akiba yake yote. Kalibu ikishachongwa, haibadiliki.

Alhamisi iliyotangulia akaona apitie Fruitvale kupiga picha ya sanduku likiwa kazini. Akiwa juu ya ngazi, alisimama. Mzee mmoja alikuwa amelikalia sanduku, anakula kwa raha zake. Tamale zilitoka kwenye sufuria ileile, ndani ya blanketi lilelile. Bi Eulalia aliinua macho, akamwona. Haraka akamwinua mzee, akaanza kuhamisha tamale kwa vidole vitupu, zikimuunguza, akizitia kwenye sanduku.

Maricela akaelewa kwamba kila Jumamosi tamale zilihamishwa hivyo kabla hajafika. Alishuka, akamshika mama yule mikono, akamwomba aache.

Kwa Nicanor hakuwa mpole. "Miezi mitatu umenidanganya."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilikuwa naenda kuzika akiba yangu yote kwenye furaha hiyo."

Maricela akapanda treni inayorudi.

Simu ililia mara nyingi siku hiyo. Ijumaa asubuhi aliipokea.

"Sikupigi kuomba msamaha tu," Nicanor alisema. "Uliponiuliza mara ya kwanza, niliogopa nikisema baya hutarudi. Baadaye nikaogopa zaidi. Njoo kesho saa kumi na moja alfajiri, usimame wewe kwenye sufuria. Usituulize chochote. Tazama tu."

Alikwenda, akavaa aproni, akauza kwanza kutoka kwenye sanduku, kisha kwenye sufuria. Kabla watu wa zamu ya asubuhi hawajaisha alikuwa amekwishajua asichokuwa amejifunza kwa mwaka mzima wa kuuliza. Kifuniko cha sanduku lake kilihitaji mikono miwili, na mchuuzi ana mmoja tu, kwa sababu mwingine umeshika koleo. Mvuke ulikwama ndani, ukalowesha maganda ya mahindi hadi tamale zikalegea. Mkanda wa mgongoni, aliouonea fahari, haukuwa na kazi, kwani Bi Eulalia alikuja kwa gari la kaka yake. Sufuria ilikuwa nzito na mbaya, na kifuniko chake kilisukumwa kwa kiwiko.

Hakulia. Jumatatu alimpigia fundi, akamwambia asubiri. Fundi alionya kwamba atapoteza nafasi yake kwenye orodha. Maricela akasema heri aipoteze.

Wiki saba alikata na kushona masanduku mapya mwenyewe, kwa turubai na sponji, moja moja, na kila moja alilipeleka Fruitvale, akakaa pembeni akitazama bila kuuliza. La kwanza Bi Eulalia alilikataa kwa kutikisa kichwa. La tatu lilivuja. Nicanor sasa alisema kweli bila huruma: "Hili, mpenzi, hata mbwa hatalilalia." Maricela alicheka hadi akashika meza, kisha akalichana.

La tano lilikuwa na kifuniko cha kusukuma na tundu la mvuke ubavuni. Jumanne moja alilifuata bila kutoa taarifa. Sufuria haikuwapo. Bi Eulalia alikuwa akichota tamale kwa koleo huku kiwiko kikifanya kazi yake, akipiga soga, hajui anatazamwa.

Alipomwona Maricela, mama huyo alifungua mkoba.

"Nalinunua," alisema. "La bure silitaki. Na dada yangu anayeuza tamale huko Hayward anataka mawili."

Maricela alipokea noti kwa mikono miwili. Ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza.

Nicanor alivua glavu. "Na mimi nina la kweli la kukwambia. Jumamosi hazinitoshi tena. Nataka uolewe na mimi."

"Nina kampuni ya sanduku moja, Nicanor. Mwaka huu nitakuwa nashona mpaka vidole vife ganzi."

"Nifundishe kushona."

Maricela alimtazama Bi Eulalia. Mama alikuwa amewageuzia kisogo kwa adabu, akimhudumia mteja polepole kupita kawaida.

"Ndiyo," Maricela alisema. "Nitaolewa na wewe. Masomo ya cherehani tunaanza leo."