Harusi Imeliwa, Ndoa Haijaandikwa

Kila siku saa sita mchana, Miran alikula chakula na mume wake, na mume wake hakuwepo.

Aliegemeza simu kwenye bakuli la kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa kwa pilipili. Kwetu Tongyeong, mji wa pwani ya Korea Kusini, ilikuwa mchana, kule Tacoma, Marekani, ilikuwa jioni ya jana yake. Taegyu ametoka kazini, anakula mkate. Miran ameketi kwenye banda la chaza, anakula wali. Wanawake wenzake hawakumwacha apumue.

"Miran, mume wako wa simu amekula nini leo?"

"Mkate na mayai."

"Masikini! Mwambie arudi tumlishe chaza mpaka akumbuke njia ya kwao."

Miran alicheka pamoja nao. Simu ikizimwa alibaki akitazama kioo cheusi, kisha akavaa glavu na kurudi mezani kufungua chaza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, kwa hiyo niliona. Kicheko chake kilikuwa cha kuwafurahisha wenzake tu.

Mimi ni Mama Seongu, jirani wa Miran na mama yake, ukuta kwa ukuta; Miran huniita mama mdogo kwa heshima tu. Nilifanya kazi ofisi ya mji, dirisha la kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, mpaka nikastaafu. Mwanangu Seongu yuko Australia. Baridi ikianza mimi huenda bandani kufungua chaza, si kwa njaa, ila nyumba ya mtu mmoja ina kelele ya jokofu tu.

Taegyu ni mtoto wa hapa hapa. Wazazi walihamia naye Marekani akiwa mdogo, akakua kule, akawa raia wa kule na fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja kumzika bibi yake, akamwona Miran, akaja tena, na tena. Harusi ilikuwa mwezi wa nne. Ukumbi ulijaa. Tulikula mpaka tukafungua mikanda. Baada ya wiki chache Taegyu akarudi kazini, akapeleka kwa serikali ya kule ombi la kumwita mkewe. Miran akaanza kusubiri.

Siku moja, mwezi wa kutengeneza kimchi ya mwaka, Miran alikuja kwangu bila kubisha. Mikono ilikuwa bado myekundu kwa pilipili.

"Mama mdogo, Taegyu amejibiwa. Wanataka cheti cha ndoa cha serikali. Yeye alipeleka ile hati ya jalada jekundu."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama machoni nikaacha.

Hati ya jalada jekundu tunaijua wote. Msimamizi wa harusi huisoma ukumbini: kuanzia leo ninyi ni mume na mke. Watu wanapiga makofi, wanakimbilia chakula. Hati hukaa sandukuni pamoja na picha. Ni kumbukumbu nzuri, si cheti. Taegyu kalelewa kule ambako mfungisha ndoa hutia saini na karatasi yake hupelekwa serikalini. Kakiona kitu chenye muhuri wa dhahabu, akadhani ndicho.

"Yeye namsamehe," nikamwambia. "Na wewe uliyekulia hapa? Hukujua kwamba kwetu ndoa ni ile inayoandikishwa ofisini?"

"Nilijua. Lakini mama alisema tusubiri. Karatasi haikimbii, alisema, kaa na mtu kwanza umjue. Wengi wanasubiri, mama mdogo! Wengine hawaandikishi mpaka wapate mtoto. Nikasema nikifika Marekani tutaandikisha huko huko."

"Utafikaje, na karatasi hiyo ndiyo ya kukufikisha?"

Kisha akasimama. "Basi nikaandikishe kesho, nimtumie cheti akipeleke."

"Kaa kwanza," nikasema. "Taegyu anamwombea mke. Siku ya kupeleka ombi, lazima uwe mke wake kwa sheria. Cheti kitakuwa na tarehe ya kuandikisha, si ya harusi. Ombi lile lilipelekwa na mtu asiye na mke. Halirekebishiki. Itabidi ombi jipya, na ada mpya."

"Mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa."

Alikaa sakafuni kama mzigo ulioshushwa. "Miezi yote hii," akasema, "nilikuwa nasubiri nini?"

Nilimmenyea tunda la persimoni, hakuligusa. Machozi yalimtoka taratibu, bila sauti, nami nikahisi uchungu kama wa siku niliyomsindikiza Seongu.

Baada ya siku chache akaja na hila. Uso uling'aa, nikajua si kheri.

"Nitakwenda kama mtalii. Nikishafika nitabaki hapo hapo. Nani ataniuliza?"

"Ofisa wa uwanja wa ndege atakuuliza. Atasema, umekuja kufanya nini? Utajibu nini?"

"Kutembea."

"Na moyoni umekuja kuhamia. Huo ni uongo mbele ya serikali. Anaweza kukurudisha siku hiyo hiyo. Na uongo ukiandikwa kwenye jalada lako, unaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Njia ya mwongo ni fupi, Miran. Kumtembelea mumeo si kosa, ukisema kweli na ukarudi. Kudanganya ndiko kosa."

"Wewe unasema kwa sababu hujui upweke!" akapaza sauti.

Jokofu likanguruma jikoni. Akaona meza yangu yenye bakuli moja, akaona haya, akanishika mkono.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe. Mwambie Taegyu aje kwa mwaka mpya wetu, ule wa kalenda ya mwezi. Tutafanya inavyopasa."

Taegyu alikuja. Kwanza alikwenda Seoul, kwenye ubalozi wa nchi yake, akala kiapo kwamba yuko huru kuoa. Kwetu mgeni hawezi kuandikisha ndoa bila hati kama hiyo. Kisha ikabaki fomu yetu. Fomu ya ndoa inataka mashahidi wawili, watu wazima, watie saini.

Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili Miran alimtaka mama yake.

Mama Miran ni mjane, mwanamke wa maneno mengi. Siku hiyo alikuwa bubu. Tuliketi sebuleni kwao, sisi wanne. Kalamu ilikuwa mezani, naye anakunja kitambaa, anakikunjua.

"Mama, ni saini tu," Miran akasema.

"Naona."

"Karatasi haikimbii, Mama Miran," nikamtania, "lakini kalamu itakauka."

Hakucheka. Alimgeukia bintiye. "Nilijua," akasema. "Nilijua tangu ukumbini kwamba bila karatasi hii huendi popote. Sikusema ukae naye umjue kwa sababu ya busara. Nilitaka ukae. Baba yako kafa, nani mwingine ninaye? Nikasema, mwaka mmoja tu zaidi. Kumbe mwaka huo nimekuibia wewe."

Taegyu aliinamisha kichwa mpaka sakafuni, kama tunavyowasujudia wazazi mwaka mpya. Kikorea chake ni cha mtoto aliyeondoka mapema, lakini maneno haya aliyasema sawasawa: "Mama, nitamrudisha kukuona. Naahidi."

"Usiahidi sana," Mama Miran akasema. "Kula vizuri tu. Unakula mikate mikavu, umekonda."

Akavuta fomu, akatia saini. Alibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Tulikwenda ofisi ya mji pamoja. Kijana aliyekaa kwenye dirisha langu la zamani alipokea fomu, akakagua, akasema itachukua siku chache. Hakuna makofi, hakuna chakula. Miran akaniuliza kwa mnong'ono, "Ndiyo hivyo tu?" Ndiyo hivyo tu. Hiyo ndiyo ndoa.

Cheti kilipotoka, tulikitafutia tafsiri ya Kiingereza, na Taegyu akapeleka ombi jipya. Niliwaambia waisome tovuti ya ubalozi wenyewe, wasisikilize vijiweni, maana ada na kanuni hubadilika. Hata mimi kuhusu viza nilijua kidogo tu. Tulijifunza pamoja, jioni, Miran akisoma kwa sauti na mama yake akiuliza maswali ya kutuchelewesha.

"Kwa nini wanataka mshahara wa Taegyu?"

"Aonyeshe kwamba anaweza kumtunza, Mama Miran. Na kwamba makazi yake yako kule kweli."

"Wangeniuliza mimi. Ningewaambia hajui hata kupika supu."

Ombi likakubaliwa, lakini kukubaliwa huko si viza bado. Zikafuata ada nyingine, hati ya familia, hati ya polisi kwamba Miran hana kosa, na karatasi za mapato ya Taegyu. Zikafuata picha. Miran alitaka kupeleka zile za studio, za gauni la kukodi na maua ya bandia, ambazo sisi hupiga miezi kabla ya harusi.

"Hizo ni nzuri," nikamwambia, "lakini hazisemi mnaishi vipi. Peleka hii, Taegyu na mama yako wanapaka kabichi pilipili. Peleka na kumbukumbu za simu zenu za mchana."

"Kumbe upweke wangu ni ushahidi," akasema.

Msimu wa chaza uliisha, ukaanza mwingine. Banda lilimtania mpaka likachoka kumtania. Wako waliosema mume kaoa mwingine. Miran alirudi nyumbani siku hizo bila kusema na mtu, akalala na glavu za kazi zikiwa bado mkononi. Kusubiri kunazeesha. Mimi niligonga ukuta, naye akagonga kunijibu, basi nikajua yuko hai.

Hatimaye akaitwa Seoul. Alipimwa afya kwenye hospitali iliyoteuliwa na ubalozi, kisha akaenda kwenye mahojiano. Ofisa alimwuliza walikutana wapi, mume anafanya kazi gani, kwa nini kulikuwa na ombi la kwanza lililoshindwa.

"Ulijibu nini?" nikamwuliza aliporudi.

"Ukweli. Kwamba tulifanya harusi tukasahau ndoa. Akacheka, mama mdogo. Kisha akasema viza yangu imekubaliwa."

Mama Miran alikuwa akiosha mchele. Aliendelea kuosha. Maji yalikwisha kuwa meupe, yakawa safi, bado anaosha.

Miran aliondoka asubuhi ya ukungu, na begi lenye mwani, pilipili ya unga na viatu vya banda ambavyo hatavihitaji. Alitukumbatia wote wawili kwa mara moja. Tulirudi, kila mmoja akaingia kwake.

Siku hizi Mama Miran akialikwa harusi, hamwachi bibi harusi ale kwanza. "Gauni zuri," humwambia. "Mmeandikisha?" Watu wanamcheka. Lakini mabinti watatu wa banda letu wamekwenda dirishani kuandikisha kwa sababu yake, na mmoja wao mumewe yuko Kanada.

Jana saa sita mchana aligonga ukuta. Nikaenda. Alikuwa amepika wali wa watu wawili, na simu ameiegemeza kwenye bakuli la kimchi. Kwenye kioo alikuwapo Miran, na nyuma yake Taegyu anakoroga sufuria ya supu.

"Keti, Mama Seongu," akasema, akinisukumia kijiko. Kisha akaisogelea simu. "Haya, mwanangu. Leo umekula nini?"