Abiria wa Kiti cha Mbele

Taa ya mkanda iliwaka Kabedi akiwa bado hajatoka kwenye geti la gereji. Ilikuwa picha ya kijitu chekundu kilichofungwa mkanda kifuani, upande wa abiria. Akatazama kiti cha pembeni yake. Kilikuwa kitupu, hata mkoba hakuwa ameuweka pale. Akavuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu, taa ikazimika, naye akaendesha mpaka nyumbani Shituru akijicheka kwamba ameifungia hewa mkanda.

Asubuhi akaukuta mkanda umefunguliwa, umerudishwa mahali pake vizuri, kama unavyorudishwa na mtu mwenye adabu.

Na lile halikuwa gari la mafundi wa kando ya barabara. Lilikuwa limetoka kwa wenyewe, wakala wa kampuni, gereji ya vioo na kiyoyozi ambako mteja hupewa kahawa ili asiulize maswali. Lilipelekwa kwa sababu lilikuwa linakataa kuwaka, na wao wakabadilisha kile wanachokiita ubongo wa gari, kisanduku chenye nyaya kinachoamrisha kila kitu, wakasema wamekitia kipya. Siku ya pili ikawaka taa ya mlango, na milango yote imefungwa. Kisha ikawaka ya mfuko wa hewa. Kabedi akarudi nalo.

Mkuu wa gereji, kijana mmoja aitwaye Ghislain, alichomeka mashine yake, akafuta taa zote mara moja, akatabasamu.

“C'est électronique, ma sœur, ni mambo ya umeme tu. Hizi taa hazina na maana.”

“Kama hazina na maana, juu ya nini baliziweka?” Kabedi akamuuliza. “Na kama ziko na maana, juu ya nini unazifuta? Chagua moja.”

Msichana huyu alikuwa anasoma sheria, na watu wachache pale mjini waliwahi kumshinda kwa maneno. Ghislain alimrudishia ufunguo, akaita mteja mwingine. Taa zilikaa kimya mpaka gari lilipokaribia nyumbani, zikawaka tena zote kwa pamoja, bila haraka.

Ndipo ikaja harufu. Hewa ya Shituru ina tindikali ya kiwanda na wenyeji hawaisikii tena, lakini hii ilikuwa nyingine, harufu ya udongo mbichi wa shimoni na nguo iliyolowa mvua ikafungiwa. Kisha kiti kikaanza kulia kwenye kona, kama kinavyolia mtu anapoegemea upande. Na mchana mmoja, jua likiwa utosini na gari limesimama uani tangu asubuhi, Kabedi aliona kwenye kioo cha abiria, kwa ndani, ukungu mdogo wa ukubwa wa kinywa, ukija na kupotea, ukija na kupotea, kama wa mtu aliyelala akiwa ameegemeza uso kwenye kioo kwa sababu safari imekuwa ndefu.

Alimwambia mama yake. Mama Berthe hakubishana. Akaenda kumleta mchungaji wake, pasta Godefroid, kwa maana Likasi gari halirudi barabarani halijaombewa, liwe jipya au limetoka matengenezoni. Pasta alikuja na chupa ya mafuta. Akapaka boneti, akapaka magurudumu manne, akaweka mikono yote miwili juu ya paa. Kabedi akamsihi kwanza aulize kuna nani ndani. Pasta akacheka, akasema watoto wa université wanapenda kuuliza shetani vitambulisho, na mama akamkanyaga binti yake mguu ili anyamaze. Basi maombi yakapanda, majirani nao wakaja wakaitikia, na pasta akamalizia kwa sauti iliyofika mpaka relini:

“Kila mwenye anakaa mu hii motoka, hakuna nguvu itamushusha kabla ya kufika kwake! Natia muhuri!”

Wote wakasema amina. Kabedi peke yake hakusema. Kwanza unatoa, ndipo unafunga. Hata chungu hakifunikwi kabla ya kuangalia kilichomo. Lakini nani atamsikiliza msichana mbele ya chupa ya mafuta?

Taa zikazimika zote. Mama akampa binti yake jicho la ushindi.

Kesho yake baba, mzee Stanislas, alibanwa. Kifua chake kilikuwa kimeliwa na mvuke wa kiwanda miaka mingi, na siku kama hizo dawa ya kupuliza haikumfikisha mbali. Alihitaji oksijeni ya hospitali. Kabedi akamketisha kiti cha nyuma, akamfunga mkanda, akaendesha mbio, akasimama mlangoni kabisa pa hospitali, akashika mpini wa mlango. Haukufunguka. Akajaribu mwingine. Kijitu chekundu kikawaka upande wa abiria, na mkanda wa kile kiti kitupu ukajivuta wenyewe, polepole, ukajifunga: ta.

Akapiga honi. Wauguzi wakaja, mlinzi akaja na jiwe, akapiga kioo, na kila jiwe lilipogonga mikanda ilijikaza, wa Kabedi shingoni na wa baba kwenye kifua kile kile kisichokuwa na pumzi ya kupoteza, mpaka mzee akatoa mlio mdogo kama wa mlango mkavu na Kabedi akawapungia mkono kwa nguvu waache, waache, huku wale watu wakiwa umbali wa kiganja, na chupa ya oksijeni wameshaileta, imesimama pale nje ya kioo, inaonekana hata vumbi lake.

Akampigia Ghislain. Hakupandisha sauti. Alimwambia baba yake anakufa mbele ya hospitali ndani ya gari lililotoka mikononi mwake, na kwamba atauliza mara moja tu. Kisanduku kilitoka wapi?

Ghislain akanong'ona.

“Usiseme ni miye. Kilitoka mu motoka ya accident, njia ya Kambove. Mwenye alikaa mbele alikufa. Gracien. Muke yake alitoka kwabo Kambove, akakuya hapa kuuliza kiatu ya bwana yake tu, tukamufukuza.”

Ubongo wa gari lililokufa, wameupangusa vumbi wakauita mpya. Nao ulikuwa bado unamhesabu mtu wake.

Akampigia mama, mama akampa pasta simu. Kabedi akamwomba aondoe muhuri, aseme tu kwamba amekosea. Pasta alijibu kwamba neno la upako likishatoka halirudishwi, na kwamba shida ni imani ya baba. Kabedi akakata simu. Mtu anaweza kufa kwa sababu mwingine anaona haya kusema nimekosea. Hilo nalo ni jini, na hakuna anayelikemea.

“Kabedi,” mzee akasema kutoka nyuma, kwa vipande. “Muntu akikufa mu njia... anaambiwaka njia. Asipoambiwa, anabakia anakaa. Tumupeleke.”

Kwa hiyo wakaenda. Gari halikuwa na ubishi wowote wa kwenda. Lilikwenda kwa hamu. Na mzee Stanislas, Mkatoliki aliyemzika baba yake kwa desturi ya zamani, akaanza kumwambia marehemu njia kama anavyoambiwa maiti anayerudishwa kwao: hapa tunatoka mjini, Gracien, hapa ni daraja, tunavuka, hapa ni pale ulipoangukia, usishuke hapa, hapa si kwako. Pumzi ilipomwishia, Kabedi akaendelea yeye, yeye aliyekuwa akizicheka desturi hizo, akikiambia kiti kitupu majina ya kona na mito, na kila alipotaja mahali kijitu chekundu kilipepesa kama jicho la mtu anayesikia.

Kambove waliuliza nyumba ya mjane kwa ishara, kupitia kioo. Reine alitoka na kanga ya msiba bado kichwani. Kabedi alipaza sauti ndani ya gari akamweleza, na yule mjane hakushangaa. Alisogea kwenye mlango wa abiria, akaweka kiganja pale ukungu ulipokuwa unakuja na kupotea.

“Gracien,” akasema. “Shuka. Umefika kwako.”

Mkanda ukafunguka. Mlango ukajiachia upana wa bega la mtu, kiti kikanyanyuka kama kinavyonyanyuka kilichoondolewa mzigo, na kabla Kabedi hajajichomoa kwenye mkanda wake auwahi ule upenyo, mlango ulikuwa umeshajifunga. Kijitu chekundu kikazimika. Reine alikuwa ameinama, anatazama nyayo za miguu isiyoonekana zikijichora vumbini kuelekea nyumbani, moja ya kiatu, moja ya mguu mtupu.

Kabedi akavuta mpini. Bado.

Reine akarudi kwenye kioo, machozi yakimtiririka, akauliza kwa upole.

“Na ule wa nyuma, mumemufikisha?”

“Wa nyuma nani?”

“Dereva wa ile motoka ya accident alisema balimuokota njiani, mvua inanyesha. Naye alikufa. Hakuna mwenye alimujua, jina ao kwake.”

Kwenye dashibodi kijitu cha pili kikawaka, cha kiti cha nyuma. Kabedi akainua macho kwenye kioo cha kati. Baba yake alikuwa amejibana kabisa mlangoni, magoti pamoja, kama mtu aliyeombwa asogee kidogo. Pumzi yake ilikuwa haisikiki tena.

Likabaki swali moja, akaliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtoto.

“Weye, kwako ni wapi?”

Mdomo wa baba ukafunguka kujibu. Lakini ile haikuwa sauti iliyokatikakatika ya mzee wa kiwandani. Ilikuwa sauti iliyonyooka, ya mtu mwenye kifua kizima.

“Endesha tu,” ikasema. “Tukifika, nitakuambia.”